Takataka Zilivyogeuka Moto na Umeme

Watu wa kwanza kuchoma takataka za mji kwa mashine hawakuwa wakitafuta umeme. Walikuwa wamekosa mahali pa kutupa. Umeme ulikuja baadaye, ukiwa njia ya kurudisha sehemu ya gharama. Mfuatano huo unafaa kukumbukwa, kwa sababu miji mingi ya leo inaupindua: inaanza na hesabu ya megawati, kisha ndipo inapoulizia takataka zenyewe zikoje. Ili kuelewa kwa nini mitambo ya namna hii imedumu mahali pengine kwa zaidi ya miaka mia moja, na mahali pengine ikazimwa baada ya majuma machache, yatupasa turudi Uingereza ya karne ya 19 na kutazama kilichokuwamo ndani ya pipa la taka.

Kilichokuwamo zaidi ni makaa. Nyumba za mjini zilipikia na kuota moto wa makaa ya mawe, na kila asubuhi yalizolewa majivu pamoja na vipande vilivyoungua nusu. Kwa muda mrefu takataka hizo zilikuwa na soko. Wakandarasi walizipeleka kwenye viwanja vyao, ambako wafanyakazi, wengi wao wanawake, walizichekecha kwa mikono: majivu laini yaliuzwa kwa wafyatua matofali, ambao waliyachanganya na udongo, na chembe za makaa zikatumika kuyachoma matofali hayohayo. Miji ilipozidi kupanuka, takataka zikawa nyingi kuliko mahitaji ya matofali, bei ikaanguka, na wakandarasi waliokuwa wakizilipa halmashauri wakaanza kudai walipwe wao. Kisha Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 1875 ikaziongezea halmashauri mzigo wa usafi, wakati ambapo mji uliozungukwa na miji mingine haukuwa na bonde la kujaza.

Hapo ndipo mhandisi Alfred Fryer alipoleta jibu lake. Mwaka 1874 alipata hataza ya tanuri la kuchomea taka, na kampuni ya Manlove, Alliott ya Nottingham ikalijenga. Taka zilimwagwa kwa juu, zikateleza kwenye mteremko wa matofali ya moto, zikakauka njiani kabla ya kufika kwenye chanja, kisha zikaungua bila kuongezewa makaa mengine, kwani makaa yalikuwamo tayari. Kasoro yake ilikuwa moshi. Joto lilikuwa dogo, hewa ilitoka kwenye bomba ikiwa bado na uvundo, na majirani wakalalamika. Wahandisi waliofuata wakapuliza hewa kwa nguvu chini ya chanja, joto likapanda na uvundo ukapungua. Kupuliza huko kulifanywa kwa mvuke, na mvuke ulitoka kwenye boila iliyowekwa katika njia ya moshi wa tanuri lenyewe. Punde ikaonekana kwamba boila ilitoa mvuke mwingi kuliko uliohitajika kwa kazi hiyo. Nishati ya takataka ilizaliwa katika ziada hiyo.

Mahali palipojulikana zaidi kwa kuitumia ni Shoreditch, mashariki mwa London. Tarehe 28 Juni 1897 mwanafizikia Lord Kelvin alifungua kituo kilichounganisha matanuri ya taka na mashine za umeme katika jengo moja la matofali, na ukutani pakachongwa maneno ya Kilatini yanayotangaza kwamba nuru na nguvu zimetoka vumbini. Umeme ulikwenda kwenye taa na karakana za mtaa, na joto lililobaki likaelekezwa kwenye mabafu ya umma na maktaba iliyokuwa jirani. Mfanyakazi wa karakana aliyekwenda kuoga Jumamosi alikuwa akioga maji yaliyopashwa moto kwa taka za mtaa wake mwenyewe. Hata hivyo, mtambo huo haukuwa na uwezo wa kujitegemea siku zote. Watu waliwasha taa kwa pamoja jioni, na mahitaji ya umeme yalikua haraka kuliko takataka, hivyo makaa ya mawe yalilazimika kusaidia. Jengo hilo lipo hadi leo, na linatumika kufundishia wanasarakasi.

Wakati London ikifurahia taa zake, Ujerumani ilikuwa imeingia katika habari hii kwa njia ya msiba. Agosti 1892 kipindupindu kilizuka Hamburg, na katika muda wa majuma machache kikaua watu zaidi ya 8,600. Mji ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa, ilhali Altona, mji jirani uliochuja maji yake, uliponyoka kwa kiasi kikubwa. Robert Koch, aliyetumwa na serikali, aliona hapo ushahidi wa wazi kwamba vijidudu vilienea kwa maji. Lakini hofu haikusubiri ushahidi. Wakulima wa vijiji vya jirani, ambao kwa miaka mingi walipokea taka za Hamburg na kuzifanya mbolea, walizikataa. Milima ya taka ikabaki mjini, na halmashauri ikaagiza matanuri ya mtindo wa Kiingereza. Kituo cha Bullerdeich kikaanza kazi mwaka 1896, kikichoma taka na kuzalisha umeme.

Je, ni kipindupindu kilichojenga Bullerdeich? Wapo wanaosimulia hivyo, na simulizi lao linavutia. Kwa sayansi tunayoijua leo, hata hivyo, tanuri halikuwa dawa ya ugonjwa ule. Dawa ilikuwa mtambo wa kuchuja maji, ambao Hamburg iliukamilisha mwaka 1893. Mimi naona uzito zaidi upo kwa wale wakulima. Wao ndio waliokuwa jaa la mji, na walipofunga mlango, mji haukuwa na pengine pa kupeleka taka zake. Ugonjwa uliwapa sababu ya kufunga.

Berlin ilitazama mafanikio hayo, ikajaribu matanuri ya aina hiyohiyo katika miaka ya 1890, ikashindwa. Wahandisi hawakuwa wajinga, wala mashine haikuwa mbovu. Wakazi wa Berlin waliota moto wa matofali ya makaa ya kahawia, ambayo huungua hadi mwisho na kuacha majivu matupu. Pipa la Berlin lilikuwa limejaa kitu kilichokwisha kuungua. Jaribio hilo halitajwi sana vitabuni, lakini naliona kuwa somo kubwa kuliko sherehe ya Shoreditch: tanuri moja, nchi moja, miaka ileile, na matokeo mawili tofauti kwa sababu ya kilichokuwamo ndani ya pipa.

Hatua iliyofuata ilipigwa Denmark. Frederiksberg ni mji mdogo uliozingirwa pande zote na Copenhagen, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umeishiwa ardhi. Mwaka 1903 ukafungua mtambo wa kuchoma taka, na badala ya kutegemea umeme peke yake, ukapitisha mabomba ya mvuke ardhini hadi hospitali mpya, nyumba ya watoto yatima na makazi ya maskini. Uamuzi huo ulikuwa na matokeo ya muda mrefu. Mtambo wa taka unaotoa umeme tu hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, lakini ukiwa karibu na majengo yanayohitaji kupashwa moto miezi kadhaa kila mwaka, joto hilo lina mnunuzi. Wadenmark walipata mnunuzi wa joto kabla ya kupata mashine kubwa, na mtandao wao wa mabomba ukaendelea kukua.

Uingereza, iliyoanzisha yote haya, ilikwenda njia nyingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia matanuri yake yalianza kufungwa, na kufikia katikati ya karne yalibaki machache. Wapo wanaosema sababu ni bei: vituo vikubwa vya umeme viliuza umeme rahisi, na kufukia taka kwa mpangilio katika mashimo ya machimbo kulikuwa nafuu kuliko kuzichoma. Wengine wanasema sababu ni pipa lenyewe, ambalo lilizidi kupoteza makaa kadiri nyumba zilivyohamia gesi na umeme, hasa baada ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini mfuatano wa miaka unayapa ya kwanza nguvu zaidi, kwani matanuri mengi yalizimwa wakati moto wa makaa bado unawaka majumbani.

Kisha likaja pigo la mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta yao, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda takriban mara nne. Denmark, ambayo ilitegemea mafuta kutoka nje kwa karibu nishati yake yote, ilitikisika kuliko majirani zake wengi. Mwaka 1979 ikapitisha sheria ya kupanga jinsi joto litakavyofikishwa majumbani, na mitambo ya taka ikapewa nafasi katika mpango huo. Wakati huohuo pipa la taka nalo lilikuwa limebadilika tena: lilijaa karatasi, maboksi na plastiki, vitu vikavu vinavyowaka. Sweden na Ujerumani zilifuata mwelekeo huohuo.

Lakini plastiki ilileta hatari yake. Mwaka 1977 watafiti wa Uholanzi walikuta sumu za jamii ya dioksini katika majivu mepesi ya mitambo ya kuchoma taka, mwaka mmoja tu baada ya ajali ya kiwanda huko Seveso, Italia, kuwafundisha Wazungu kuliogopa jina hilo. Upinzani ukapamba moto, mitambo kadhaa ikafungwa, na serikali zikaweka viwango vikali. Vichujio, vinyunyizio vya chokaa na vipima moshi vikaanza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya mtambo. Mtambo wa Amager Bakke wa Copenhagen, ulioanza kazi mwaka 2017 na ambao juu ya paa lake watu huteleza kwa ski, ni safi kwa sababu wananchi walilazimisha usafi huo kwa miaka arobaini, na kwa sababu wanaulipia.

Tayari katika miaka ya 1980 Denmark ilikuwa na mashine ya kuuza, na Delhi ikainunua. Mtambo wa Timarpur ulijengwa mwaka 1987 kwa teknolojia ya Kidenmark ili uchome tani 300 kwa siku na kutoa megawati 3.75. Ulisanifiwa kwa taka zenye zaidi ya kilokalori 1,400 kwa kila kilo. Malori yalileta zenye takriban nusu ya hizo. Waokota taka wa Delhi walikuwa wamekwisha kutoa karatasi na plastiki za kuuza, na kilichobaki ni maganda, mabaki ya mboga, vumbi na unyevu. Mtambo uliendeshwa kwa siku 21 hivi, kisha ukafungwa.

Hapa inafaa kusimama na kueleza jambo la maji, kwa maana ndilo linaloamua. Mpishi yeyote anajua kuni mbichi hufoka moshi na kula muda mwingi kabla ya chungu kupata moto. Sehemu ya joto hutumika kwanza kukausha, na joto hilo halirudi. Wahandisi hulipima jambo hili kwa megajuli katika kila kilo. Makaa mazuri ya mawe yana 25 hivi, na taka za Ulaya ya leo zina 9 au 10. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1999 ulishauri kwamba wastani wa mwaka usipungue 7, wala usishuke chini ya 6 katika msimu wowote. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki zaidi ya nusu ya uzito wa taka ni maganda ya ndizi na viazi, majani ya sokoni, mabaki ya chakula. Wakati wa masika lori lililo wazi hufika dampo likichuruzika maji.

Taka za namna hiyo zina njia nyingine, nayo ni ya zamani kuliko tanuri la Fryer. Mwaka 1776 Alessandro Volta alichokoa matope ya Ziwa Maggiore kwa fimbo, akakusanya mapovu yaliyopanda, akaona kwamba hewa ile inawaka. Vijidudu vinavyoishi pasipo hewa hula kitu chenye unyevu na kuacha methani. Mwaka 1895, katika mji wa Exeter, Donald Cameron alitumia gesi ya tangi lake la majitaka kuwashia taa. Tofauti na moto, vijidudu hivi hupenda maji. Vinachotaka ni chakula kisichobadilika kila siku, na kisicho na viberiti, betri na mifuko ya plastiki ndani yake.

Sharti hilo la mwisho si rahisi kutimizwa katika mji kama Dar es Salaam. Mji huo uliijua shida ya taka kupitia mahakama. Wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na inzi wa jaa lililokuwa katikati ya nyumba zao, wakashinda, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuiongezea halmashauri muda, akisema kuwa kuwaachia watu hewa ya namna ile ni kuwanyima haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Jaa likahamishiwa Kunduchi Mtongani, na huko nako wakazi wakaenda mahakamani. Baadaye likawa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha, tangu mwaka 2007, Pugu Kinyamwezi. Katika miaka ileile ya 1990 ulibuniwa mradi ulioitwa Takagas, wa kugeuza taka za mji na viwanda kuwa biogesi, yaani gesi hiyo ya vijidudu, ukafanyiwa utafiti mzuri, lakini haukufikia hatua ya kuuzia mji umeme.

Ukitaka kuona kitu kilichofanya kazi, panda gari uende Tanga. Mkonge uliletwa huko na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 230,000. Jani linapopita katika korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, visu hukwangua nyama yote ya kijani na kuacha singa nyeupe, ambazo ni takriban kilo nne tu katika kila kilo mia za majani. Zinazobaki ni machicha, ambayo husombwa na maji ya kuoshea, yakipita kwenye mfereji nje ya kiwanda, mazito, ya kijani, yakitoa harufu kali ya uchachu. Kwa zaidi ya miaka mia moja yalitupwa, na mengi yakaishia mitoni. Bei ya mkonge ilipoporomoka kwa ushindani wa kamba za nailoni, shamba lililouza kilo nne na kutupa kilo tisini na sita halikuweza tena kujitosheleza. Utafiti ukafanyika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, na kampuni ya mkonge ya Katani, ikisaidiwa na shirika la UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ikajenga mtambo wa biogesi katika shamba la Hale. Kufikia mwaka 2008 ulikuwa ukifanya kazi, ukiwa na uwezo wa kilowati 300 hivi. Ni umeme kidogo. Lakini machicha ya leo ni sawa na ya jana, hayana betri wala chupa, yanatoka mlango uleule, na mteja wa kwanza wa umeme ni korona yenyewe. Viwanda vya sukari vinafaidi hali kama hiyo: TPC ya Moshi huchoma makapi yake ya miwa na kujiendesha, na nchini Morisi kiwanda cha St. Antoine kilianza kuuza umeme wa makapi kwenye gridi tangu mwaka 1957.

Addis Ababa ilijaribu jambo gumu zaidi. Jaa la Koshe lilikuwa limepokea taka za mji huo kwa nusu karne, na watu waliishi ubavuni mwake wakiokota. Tarehe 11 Machi 2017 mlima ule uliporomoka usiku na kuua watu zaidi ya 110. Kando yake mtambo wa Reppie ulikuwa ukijengwa tayari, ukafunguliwa Agosti 2018, wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Uligharimu dola milioni 120 hivi, ukakusudiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku, takriban asilimia 80 ya taka za mji. Kazi yake imekatizwa mara kadhaa, na umeme haukufikia matarajio. Wengine wanailaumu mikataba na mivutano kati ya mjenzi na shirika la umeme. Wengine wanazilaumu taka mbichi. Nadhani mikataba ilichelewesha mambo, lakini mkataba, hata uwe mzuri kiasi gani, usingeyakausha maganda ya mboga. Na hata hivyo siwezi kuuita mtambo huo upotevu mtupu, kwa sababu kila tani iliyochomwa ni tani ambayo haikupandishwa Koshe.

Hamburg na Dar es Salaam zimekuwa miji dada tangu mwaka 2010. Hamburg, yenye uzoefu wa tanuri tangu Bullerdeich, ilipoisaidia Dar es Salaam katika suala la taka haikuipelekea tanuri. Ilisaidia kujenga kiwanda cha mboji huko Mabwepande, Kinondoni, kinachopokea taka za masokoni. Naliona hilo kuwa ushauri wa watu wanaolijua pipa lao na wakakubali kulitazama la mwenzao.

Basi diwani atakayeletewa mkataba wa mtambo wa megawati kadhaa, naomba kabla ya kuunyooshea mkono aulize maswali matatu. Taka zetu zilipimwa unyevu mwezi gani, Septemba au Aprili? Waokota taka watakaokosa chupa na maboksi watakula nini? Na tani zikipungua, nani atamlipa mwekezaji?